Walivyomhifadhi Bi Vifungo

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, asubuhi, nusu ya roshani ya Jengo la Mizani ilianguka na kumuua mke wa fundi cherehani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ndani kidogo ya mlango, pale penye mwanga mzuri, suruali ya mwalimu imemlalia mapajani, anashona kifungo cha kiunoni. Roshani yenyewe ilikuwa nje, juu ya baraza, lakini ilipoondoka iliondoka na mihimili yake, mihimili ikauvuta ukuta wa juu ya mlango, na ukuta ukaja ndani. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua uzi mweusi. Aligeuka akaona vumbi tu. Mwenye duka la nyuzi alikuwa bado anauliza mweusi mzito au mwepesi.

Mjini walimwita Bi Vifungo. Fundi alikuwa mtu wa cherehani, yeye mkewe alikuwa mtu wa mkono: vifungo, pindo, matundu ya vifungo. Kifungo alichokishona yeye, shati lingechakaa likatupwa, nacho kikahamishiwa shati jingine.

Baadaye iliandikwa kwamba ile ilikuwa ajali. Haikuwa ajali. Roshani ilianza kushuka tangu mvua za mwaka uliotangulia, na kila mwenye macho aliiona. Fundi alikwenda akanunua gogo zuri, refu, akalisimamisha chini ya roshani, akaligongea kabari. Roshani ikatulia. Watu wakapita chini yake bila kuinamisha vichwa.

Halafu likaja gari la Idara ya Hifadhi ya Majengo ya Kale. Walishuka watu wanne na afisa wao, yule ambaye mji mzima ulimwita Bwana Hifadhi. Watu wanne kwa gogo moja. Mtaro wa maji machafu uliopasuka nyuma ya soko haujawahi kuletewa hata mmoja.

"Hili gogo limeidhinishwa na nani?" Bwana Hifadhi akauliza.

"Na mimi," fundi akasema. "Roshani inashuka, bwana."

"Ukiweka gogo unabadili sura ya jengo. Hili ni jengo la kihistoria."

"Na likianguka, sura itabaki?"

"Hilo ni suala la kitaalamu."

Bi Vifungo hakuinua macho kwenye kazi yake. "Basi huyo mtaalamu aje akae hapa kwenye kigoda," akasema, "mimi nikakae kwenye gari."

Wale wanne walicheka, kisha wakaing'oa kabari, wakalichukua gogo, wakaondoka nalo.

Kihistoria ni kweli lilikuwa la kihistoria. Lilijengwa na kampuni iliyochimba dhahabu, enzi hizo mji una dhahabu. Ghorofa ya chini palipimwa dhahabu kwenye mizani kubwa ya shaba, nyuma ya kaunta yenye nondo. Ghorofa ya juu walikaa wakubwa wa kampuni, na roshani ilikuwa yao, ya kupungia upepo na kuwatazama wachimbaji waliopanga foleni chini juani. Jioni sakafu ilifagiliwa, na hata vumbi la kufagiwa lilikuwa la kampuni. Dhahabu ilipoisha kampuni iliondoka, ikachukua mawe ya kupimia na kuiacha mizani. Mji ukabaki na mashimo, wazee wanaokohoa, na jengo. Ndani yake wakaingia mafundi na wachuuzi, mmoja huku, mwingine kule, na fundi cherehani na mkewe wakapata ile sehemu ya mlangoni.

Siku ya msiba Bwana Hifadhi alikuja nyumbani amevaa suti. Alikaa kwenye mkeka kama watu wengine, na hilo lilimpa sifa kidogo. Kisha akasogea karibu na fundi.

"Idara imeguswa sana," akasema kwa sauti ya chini. "Idara iko tayari kumhifadhi marehemu."

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye msiba anajua kumhifadhi marehemu ni nini. Ni kumzika. Ila neno kuzika ni zito mdomoni mbele ya aliyefiwa, kwa hiyo watu wanasema kuhifadhi. Fundi akaelewa hivyo. Akafikiri watatoa jeneza, labda na gari.

"Mhifadhini tu, bwana," akasema. "Mtakuwa mmenisaidia."

"Na sisi upande wa mke tunashukuru," akasema shemeji yake, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia la vikombe. Bwana Hifadhi akatoa karatasi, fundi akatia sahihi, shemeji akatia ya kwake kama shahidi. Hakuna aliyesoma. Nani anasoma karatasi msibani?

Walingoja jeneza la Idara mpaka jua likawa utosini. Halikuja. Shemeji akabomoa rafu mbili za mbao akatengeneza sanduku, na Bi Vifungo akazikwa kwenye kile kilima cha juu ya mashimo ya zamani, ambako kila kaburi huchimbwa kwa wasiwasi maana hujui chini kumebaki nini.

Wageni wa msiba walipotawanyika, fundi alikwenda Mizani kuchukua cherehani yake. Bi Vifungo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ndani kidogo ya mlango, katikati ya kifusi, suruali ya mwalimu mapajani. Nywele zake zilijaa vumbi la chokaa.

"Huo uzi umeupata?" akauliza.

Fundi akaupapasa mfukoni. Ulikuwepo. Akampa. Mkewe akaupitisha kwenye tundu la sindano kwa mara moja, kama kawaida yake, akaendelea na kazi. Fundi naye akasafisha meza, akakaa, akamalizia sare za shule alizokuwa amezikata kabla ya msiba. Mteja mmoja aliingia kuulizia gauni, akamsalimia Bi Vifungo, akampa pole kwa yaliyompata. Bi Vifungo akajibu ameshapoa.

Jioni fundi aliibeba cherehani kichwani. "Haya, twende nyumbani," akasema.

Bi Vifungo alisimama akamfuata mpaka kizingitini. Pale akanasa. Si kwamba kulikuwa na kitu cha kuonekana. Alinasa kama gauni linavyonasa kwenye msumari: ukijivuta mbele, nyuma kunakataa. Akajaribu ubavu, akajaribu kinyumenyume. Mwishoni akarudi kwenye kigoda.

"Tangulia," akasema. "Nadhani kuna kitu hakijakatwa."

Kesho yake Bwana Hifadhi alikuja na vibati vyenye namba. Kimoja kiligongwa kwenye mizani, kingine kwenye kaunta, kingine kwenye kigoda. Cha nne kilifungwa kwenye mkono wa gauni la Bi Vifungo kwa pini, na cha tano kwenye suruali. Kifusi nacho kilipewa chake, kikazungushiwa kamba, kwa sababu kuanguka kwa roshani kulishakuwa sehemu ya historia. Fundi alipochukua kitambaa ili ampanguse mkewe nywele, Bwana Hifadhi alimshika mkono.

"Vumbi hilo ni la siku ya tukio," akasema. "Lisiguswe."

Na kifungo pia. Bi Vifungo alikuwa amekimaliza usiku. Wakakifumua, wakakiacha kinaning'inia kwa uzi mmoja kama kilivyokutwa. Kila usiku anakishona, kila asubuhi wanakifumua. Mwanzoni alilalamika, akisema kitambaa kitatoboka. Walimjibu kitambaa kina namba.

Mwalimu alikuja mwisho wa mwezi.

"Fundi, suruali yangu vipi?"

"Imehifadhiwa, mwalimu."

"Na mimi nivae nini?"

"Vaa ile nyingine."

"Ile nyingine ndiyo hii."

"Mwalimu, tuseme ukweli," Bi Vifungo akadakia, "umenenepa. Hata ningeimaliza ungeivaa mguu mmoja."

Mwalimu akaangalia tumbo lake, akakubali, akaondoka. Huyo hana neno, mpaka leo akipita hutia kichwa mlangoni kuitazama suruali yake.

Fundi alikwenda kwenye ofisi ya Idara. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, maana wenye ofisi hawawezi kumwona mtu kabla hajachoka. Alipoingia alimkuta Bwana Hifadhi mezani, na kando ya meza akalikuta gogo lake. Lilikuwa limesimamishwa kuzuia dari, iliyokuwa imeanza kushuka. Lilikuwa limegongewa kabari vizuri kabisa.

"Nimekuja kumwomba mke wangu," akasema.

"Ulitia sahihi ahifadhiwe."

"Nilijua ni kuzika."

"Kuzika ni kuzika. Kuhifadhi ni kuhifadhi. Neno liko wazi."

"Tulikuwa msibani, bwana. Msibani nani anasema kuzika?"

Bwana Hifadhi alivua miwani akaipangusa. Alikuwa mtu wa huku huku, mama yake naye alizikwa kilima kile kile, na siku ile watu walisema amehifadhiwa. "Mimi nakuelewa," akasema. "Lakini karatasi ilishapanda juu, na wale wa juu hawaji misibani. Kwao kilichohifadhiwa hakiondolewi, hakihamishwi, hakibadilishwi. Shukuru Mungu. Majengo mangapi yanaomba nafasi hiyo hayapati."

Fundi alilitazama lile gogo. Alitaka kusema jambo, na mpaka leo anajuta hakulisema. Alisema tu, "Haya, bwana," akatoka.

Idara ilihitaji mlinzi wa mlangoni. Ikamchukua shemeji, kwa kuwa jina lake lilikuwamo kwenye karatasi na alikijua kifaa kinacholindwa. Alikuwa hajapata kazi ya kudumu maisha yake yote, na kazi ya kwanza aliyoipata ikawa ya kumlinda dada yake asitoke. Walimpa kofia.

"Shemeji, usinitazame hivyo," alimwambia fundi siku ya kwanza. "Heri mimi kuliko mgeni. Mimi angalau atanituma."

"Nakutuma nini na wewe hujui hata kununua sindano," Bi Vifungo akasema kutoka ndani. "Kofia yenyewe umeigeuza nyuma mbele."

Ni shemeji huyo huyo aliyetoa wazo. Jumapili moja mchana, wakati mji umelala na chakula tumboni, alifungua milango yote miwili, akavua kofia akaitundika ili asiwe kazini. Yeye akashika kigoda kulia, fundi akashika kushoto, wakamwinua Bi Vifungo kama bibi harusi anayebebwa juu ya kiti. Kizingitini akanasa kama kawaida. Wakavuta.

Ndipo wakaona ni nini ambacho hakikukatwa. Umewahi kuvuta uzi mmoja uliochomoza kwenye kitambaa? Uzi hautoki. Kitambaa ndicho kinachokunjamana na kukufuata. Ndivyo jengo lilivyofanya. Ukuta wa mlangoni ukaingia mikunjo, mikunjo ikapanda mpaka ghorofani, madirisha yakaegemeana, kaunta ikapinda mgongo, na mizani ya shaba ikaanza kuja nyuma yao polepole sakafuni. Chini ya sakafu, kwenye mashimo ya kampuni yaliyopita chini ya mji, mawe yalisikika yakihama. Wakavuta tena. Bi Vifungo alishavuka nusu, mguu mmoja uko barazani, jua limempiga usoni. Alifumba macho akatabasamu. Fundi hajalisahau lile jua kwenye uso ule.

Kisha nusu ya roshani iliyobaki ikalia.

Ile nusu haikuwa imeangaliwa na mtu tangu Jumanne ile. Ilikuwa bado inaning'inia juu ya mlango wa pili, na chini yake siku zote wamekaa wauza mitumba, wameweka turubai zao. Jumapili ile walikuwepo wawili na mteja mmoja, mwanamke mjamzito aliyekuwa anajaribu viatu.

"Nirudisheni," Bi Vifungo akasema.

"Bado kidogo tu, dada," shemeji akasema, amekaza meno.

"Nimesema nirudisheni. Kuna watu chini."

Shemeji alimtazama fundi. Fundi hakutaka. Ni lazima isemwe alivyokuwa: alisimama na mguu wa kigoda mkononi, na kwa muda aliona ni sawa kabisa mji mzima uanguke. Wao walimwangushia mkewe roshani, kwani nani aliuliza? Bi Vifungo akamwekea kiganja mkononi. Kiganja kilikuwa cha baridi na kina chokaa.

"Baba," akasema, na hilo ndilo jina alilomwita wakiwa wawili tu, "wewe si kama wao."

Wakamrudisha. Jengo likajinyoosha nyuma yao kama shati lililopigwa pasi, isipokuwa mkunjo mmoja ukutani, kulia kwa mlango, ambao haukutoka. Jumatatu Bwana Hifadhi aliupapasa mkunjo ule kwa muda mrefu. Hakuuliza. Aliupa namba.

Fundi alimweleza juu ya ile nusu ya roshani na wauza mitumba. Alimweleza kwa adabu, kofia mkononi. Bwana Hifadhi akasema suala hilo linajulikana na liko kwenye mpango. Wauza mitumba nao waliambiwa wahame, wakauliza wahamie wapi, na hakuna aliyewajibu, kwa hiyo wako pale pale. Sasa kila ikilia wanasogeza turubai kidogo, na ikinyamaza wanairudisha.

Baadaye ikaamuliwa kwamba biashara ndani ya jengo inaharibu historia. Mafundi wakatolewa. Fundi akahamishia cherehani nyumbani, chumbani mwake, karibu na kitanda ambacho sasa upande mmoja hautandikwi. Wageni wakaanza kuletwa kwa mabasi. Ukutani kukabandikwa bango linalosema roshani iliporomoka kwa sababu ya uzee wa jengo.

"Si uzee," Bi Vifungo huwaambia wageni wote, bila kuinua macho. "Kulikuwa na gogo. Wakaliondoa."

Wageni hutikisa kichwa kwa huruma. Wengine humwomba ainue sindano kidogo ili picha itoke vizuri. Mwongoza wageni husubiri amalize, halafu huendelea na habari za shaba iliyotengenezea mizani. Miaka inapita, na bango linapofifia hubandikwa jipya lenye maneno yale yale.

Fundi huenda kila siku. Huingia kama mgeni, hutembea na wageni, husimama wanaposimama. Wakisogea mbele, yeye hubaki, na shemeji hujifanya anakuna kifundo cha mguu. Hapo huzungumza na mkewe mambo ya kawaida: bati la jikoni limetoboka, jirani kanunua kuku, bei ya zipu. Mkewe humwuliza amekula nini, naye humdanganya.

Siku hizi anakohoa. Mikono inatetemeka kiasi kwamba nguo za wateja amezipunguza, na uzi wa sindano humwomba mtoto wa jirani amtungie. Bi Vifungo yuko vile vile kama Jumanne ile, nywele nyeupe kwa chokaa, uso hauna hata mstari mpya. Wageni wanaofika sasa hudhani yule mzee ni baba yake.

Mwezi uliopita fundi alikwenda tena kwenye ofisi. Bwana Hifadhi naye amezeeka, anakaribia kustaafu. Fundi akamwambia hataki tena mke atoke. Anaomba yeye aingie. Anaomba kuruhusiwa alale mle ndani, kwenye pembe yoyote, mpaka siku yake ifike, na ikifika, sahihi ataitia mapema.

Bwana Hifadhi alilifungua daftari la orodha, akalifunga. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino kwamba orodha ya vilivyomo ilishafungwa, na kinacholetwa baadaye, hata kikiwa kizuri namna gani, si cha asili.

Fundi alikwenda kumweleza mkewe. Wageni walikuwa wameshapanda basi. Shemeji alikuwa amewapa mgongo, anafagia baraza ambalo lilikuwa safi. Bi Vifungo alisikiliza mpaka mwisho, mkono umetua juu ya kifungo. Alimwangalia mumewe, mashavu yalivyobonyea, kola ilivyokuwa kubwa kuliko shingo.

Halafu akamwuliza swali moja. Fundi akaondoka nalo. Alimpelekea Bwana Hifadhi, naye akalipandisha juu kwa wakubwa. Wakubwa walileta barua kuhusu rangi ya kupakwa madirisha, swali hawakuligusa. Liko huko kwenye meza zao, kama alivyoliuliza yeye mwenyewe, taratibu, huku anatafuta tundu la kifungo kwa kidole:

"Wewe ukifia kule nyumbani, baba, mimi hapa nitakusubiri mpaka lini?"